Asilimia 18 Iliyowakausha Madereva wa IT

Huduma za bandarini kwa gari linalokwenda Kabuta, Zambia, hazikupaswa kutozwa VAT Dar es Salaam. Uamuzi wa serikali wa kuzitoza tangu Julai 2016 ulikosea hapo, na utetezi wote uliofuata haukuligusa kosa lenyewe.

Wanaoyajua magari ya IT, yaani yanayopita Tanzania kwenda nchi jirani (In Transit), wanaijua safari. Wakala wa forodha anatoa pikapu bandarini, dereva anakabidhiwa funguo na karatasi, anapita Chalinze, anapanda Kitonga, anashika Makambako, anaingia Tunduma. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde nchini Zambia, gari linashika njia ya Kasama hadi Kabuta, mwambao wa Ziwa Mweru, ambako kazi yake ni kubeba chisense, samaki wadogo kama dagaa, kwenda Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba. Dereva hulipwa kwa safari. Gari lisiposhuka melini, hana kitu.

Bajeti ya Juni 2016 ya Dk. Philip Mpango, Waziri wa Fedha wakati huo, ikaweka VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za mizigo ya transiti. VAT ni kodi ya mlaji, hulipwa kitu kinapotumika. Ndiyo maana huduma inayouzwa nje hutozwa kiwango cha sifuri. Mchuuzi wa samaki wa Kabuta hajasajiliwa VAT Tanzania, kwa hiyo hana pa kudai marejesho. Kwake asilimia 18 ni gharama kavu, tena gharama anayoweza kuikwepa kihalali: Durban ipo, Walvis Bay ipo, Beira ipo.

Na wakati wenyewe! Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, kampuni ya madini ya Mopani ikapunguza maelfu ya wafanyakazi, na kwacha, sarafu ya Zambia, mwaka 2015 ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake mbele ya dola, hata Rais Edgar Lungu akatangaza Oktoba 18 siku ya taifa ya maombi. Mweru nako uvuvi hufungwa Desemba hadi Februari. Mnunuzi aliyekwisha kuyumba hivyo haongezewi mzigo njiani. Wamiliki wa malori (TATOA) na mawakala wa forodha (TAFFA) walilia, lakini mwaka mzima wa bajeti ukapita, madereva wakisubiri magari yasiyokuja.

Kuhusu kuutanguliza mzigo wa Zambia, safu hii haitachoka kuwataja Nyerere na Kaunda. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 11, 1965, Zambia ikakosa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko. Serikali mbili zikaunda Zambia Tanzania Road Services, malori ya Fiat yakaingia kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi; bomba la mafuta la Tazama likafuata 1968, kisha reli ya Tazara. Wazee wale walianza na swali la namna mzigo utakavyofika. Hesabu ya makusanyo ilikuja baadaye, kwa sababu mzigo ulikuwepo wa kuhesabiwa.

Bajeti ya 2017 ilirudisha kiwango cha sifuri, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa Oktoba 2019 ni kazi nzuri.

Lakini kosa lile lilionekana kabla halijatendwa, na waliotangulia kuliona ni watu wa barabarani. Kila Juni inapokaribia, Wizara ya Fedha iwaite madereva wa IT na mawakala wao mezani kabla kifungu chochote cha transiti hakijaandikwa.