Kukimbia Hakuhesabiwi: Maoni Yangu juu ya Mchezo wa Freedoom

Jumamosi moja mama mmoja alikuwa anapita karibu na chumba chetu cha vijana hapa Nakivale. Akasikia bunduki. Akaangusha dumu la maji, akalala chini. Kumbe ilikuwa ni ordi yetu, kijana alikuwa amechomoa hedifoni ili wenzake nao wasikie. Mama aliponyanyuka aliingia, akaniambia, «Mwanangu, sisi tulikimbia masasi. Na weye unaifundisha batoto hapa?»

Siku ile sikuwa na jibu. Nimecheza mchezo huo wiki nyingi nikilitafuta.

Freedoom ni mchezo wa bure. Mwaka 1993 kampuni ya Marekani, id Software, ilitoa Doom, mchezo wa askari mmoja anayepigana na mashetani kwenye miezi ya sayari ya Mirihi. Mwaka 1997 wakaachilia kodi ya injini yake, na baadaye watu wa kujitolea wakatengeneza picha, sauti na ramani zao wenyewe. Ndiyo Freedoom. Unaona kwa macho ya askari, bunduki iko mbele yako, picha ni za vipande-vipande kama za zamani. Unafunguka hata kwa ordi iliyochoka. Sisi tuko na mbili, moja betri yake ilikufa, na umeme ni wa sola. Michezo mipya haiwezi kukanyaga hapo.

Sasa, ni mgumu. Unaanza na bastola na risasi 50. Ukiumia, afya hairudi yenyewe eti kwa sababu umejificha. Lazima utafute boksi la dawa. Mlango mwekundu unataka ufunguo mwekundu, na ramani inakuonyesha tu kule ulikofika. Ukifyatua, viumbe wa vyumba vya jirani wanasikia na kuamka. Ukikufa kabla hujahifadhi, unarudi mwanzo wa ngazi na bastola na risasi 50, silaha zote ulizokusanya zimekwenda. Wengi wetu tunajua kuanza upya namna hiyo.

Lakini mara nyingi ugumu wake ni wa haki. Mpira wa moto unauona unakuja, unasogea pembeni. Ukisimama vizuri, kiumbe mmoja atampiga mwenzake, na wataanza kupigana wao kwa wao. Ukikufa, kosa unalijua. Pale unaponichosha ni kwamba ramani zilitengenezwa na watu tofauti, na inaonekana: moja inaeleweka, nyingine unazunguka nusu saa ukitafuta swichi iliyofichwa ukutani.

Kuna kijana wetu mmoja wa miaka 16 ambaye hapigi ovyo. Anasikiliza mlangoni, anachungulia, anapita mbio katikati yao, anachukua ufunguo, anaenda. Ngazi nyingi zinakubali hivyo: ukifika kwenye swichi ya kutokea, umemaliza. Mimi naona huo ndio uzuri mkubwa wa mchezo huu. Kukimbia ni ufundi ndani yake.

Shida inakuja mwishoni. Kila ngazi ikiisha, kioo kinaandika: umeua asilimia ngapi, umeokota vitu asilimia ngapi, umegundua siri ngapi, umetumia muda gani. Yeye alipata 14 kwenye kuua. Wenzake wakacheka, wakamwita muoga. Akawajibu, «Niko muzima ao siko?»

Jibu hilo kioo hakina mahali pa kuliandika. Na kuna kitu kingine: katika korido zote zile, askari yuko peke yake. Hakuna mtu wa kumshika mkono, hakuna mzee anayetembea polepole. Mimi nilipotoka Fizi nilikuwa na mdogo wangu mgongoni, na mbio zetu zilikuwa mbio za yule aliyekuwa mchovu kuliko wote. Mchezo unajua hofu, unajua njaa ya risasi, lakini kukimbia na watu haukujui kabisa. Mtoto asije akafikiri hivi ndivyo vita ilivyo.

Kwa hiyo sikuufuta. Nimeuwekea sheria: wa chini ya miaka 15 hagusi, hedifoni hazichomolewi, na kwenye ubao wetu hatuandiki asilimia ya kuua. Tunaandika nani ametoka na afya kiasi gani. Wiki iliyopita wa kwanza alikuwa yule kijana, 91.

Yule mama nilimfuata nyumbani kwake, nikamwomba radhi, nikamweleza haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, «Sawa. Lakini mufunge dirisha.»

Tunafunga.