Nyota ya Kifuani

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Naiamini methali hiyo kila nitazamapo juu ya milima ya Uluguru kabla hakujapambazuka. Nyota ya kifuani, hata hivyo, nina neno nayo.

Mwaka 1351 Jean wa Pili, mfalme wa Ufaransa, aliunda chama cha mashujaa wapanda farasi, akakiita cha Nyota. Waliapa kutorudi nyuma vitani kupita umbali mfupi uliowekwa. Mwaka uliofuata, huko Mauron, wengi wao waliuawa kwa kutunza kiapo hicho pale ambapo busara ilitaka warudi. Mwaka 1356 mfalme mwenyewe alitekwa na Waingereza huko Poitiers, na chama kikafifia.

Huku kwetu, mwaka 1875, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alianzisha Nishani ya Nyota Ing'aayo. Hiyo haikumdai mtu roho yake. Ilikuwa ya heshima, na wakubwa wa Ulaya walivishwa. Sultani alitaka ahesabiwe mfalme miongoni mwa wafalme, wala simlaumu. Lakini mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba, na Ukami, nchi ya huku Morogoro, ikaandikwa humo. Sultani alipinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, naye akakubali. Nyota haikumfaa kitu.

Basi hukumu yangu ni hii: nyota ya kwanza ilikuwa kiapo kisicho na busara, ya pili ilikuwa heshima isiyomfunga aliyevishwa.

Nami pia nimevisha watu. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kila mwaka nilimvisha mwanachuo mmoja beji ya nyota. Mwaka mmoja nilimpa kijana nadhifu, hodari wa kusimama mbele ya wageni. Nilimwacha mwenzake, ambaye kila Jumamosi jioni alirudi chuoni na matope viatuni. Matope niliyaona, sikuuliza yalikotoka.

Baadaye sana nilikutana na mzee mmoja wa juu ya Bigwa, akanisomea barua ya mwanawe, neno kwa neno, pole pole.

"Nani alikufundisha, mzee wangu?" nilimwuliza.

"Kijana wako, Mwalimu. Alikuwa akipanda kila Jumamosi."

Nyota ilikuwa imekwisha kutolewa.