Kichocheo Kizuri Hutambuliwa Vipi?

Ras Laffan, kilomita 80 hivi kaskazini mwa Doha, kuna kiwanda cha Pearl GTL ambacho tangu 2011 hugeuza gesi asilia kuwa dizeli na mafuta ya ndege. Kazi hiyo hufanyika katika reakta 24 zenye vichocheo vya kobalti, metali ambayo sehemu kubwa yake duniani huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi. Ndiyo maana wanafunzi wa uzamili na uzamivu mjini Doha huandika tasnifu kuhusu vichocheo vya aina hiyo: chembe za metali zilizopandikizwa ndani ya unga wenye vinyweleo. Anayesoma tasnifu hizo atazame nini?

Aanze na utengenezaji. Njia iliyozoeleka ni kudondoshea unga mkavu wa alumina mmumunyo wa chumvi ya kobalti au nikeli, kwa kiasi kinacholingana na ujazo wa vinyweleo. Kipimo kikiwa sawa, unga hunywa kila tone na punje huendelea kuachana. Ukinata kama uji, mmumunyo umezidi, na metali itagandia nje. Kisha unga hukaushwa na kuchomwa tanuruni. Tasnifu makini hutaja joto, muda na kasi ya kulipandisha.

Vipimo vifuate, tena vikubaliane. Eneo la ndani hupimwa kwa naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hesabu ya Brunauer, Emmett na Teller ya 1938. Likishuka mno baada ya metali kuingia, huenda vinyweleo vimeziba. Ukubwa wa chembe nao hupimwa kwa eksirei, kwa darubini ya elektroni na kwa haidrojeni inayonaswa usoni mwake. Eksirei hazizioni vizuri chembe ndogo kabisa, hivyo jibu lake peke yake halitoshi. Wala udogo si sifa kila mara: katika kutengeneza mafuta, kobalti iliyo chini ya nanometa 6 hivi hupoteza nguvu.

Mwisho ni majaribio. Je, alumina tupu nayo ilijaribiwa? Kaboni iliyoingia inalingana na iliyotoka? Kichocheo kilifanya kazi kwa saa ngapi? Nikeli inayochakata methani na kaboni dioksidi hung'ara mwanzoni, kisha hufunikwa na masizi.

Kwa hiyo msimamizi adai picha na vipimo vya kichocheo kilichokwisha kutumika. Visipokuwemo, airudishe rasimu.