Mita chache za maji, wiki nzima za kutafuta

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2017 helikopta yenye watu watano ilianguka Ziwa Nakuru muda mfupi baada ya kuruka. Ilizama katika maji ya mita chache tu, na bado upekuzi ulikula siku, kisha wiki, huku familia zikikesha zikingoja habari. Miaka miwili baadaye gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019. Tarehe 11 Oktoba lilikuwa limekwisha kutolewa kutoka kina cha mita 58. Anayepima ugumu kwa kina peke yake hawezi kuelewa matukio haya mawili.

Kilichowashinda watu Nakuru ni giza. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingiza udongo katika ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Magadi hulisha mwani wa kijani-buluu ambao ndio chakula cha heroe, na mwani huo huziba mwanga karibu kabisa na uso wa maji. Chini kuna tope laini. Pezi likiligusa tu, linafumuka. Mpiga mbizi aliyezoea bahari ya Watamu au Kisite, ambako macho hutangulia mbele ya kila kitu, huku haoni hata mkono wake mwenyewe. Inabidi atafute kwa kupapasa.

Kupapasa nako kuna utaratibu. Nanga mbili hutupwa mbali kidogo na kila moja ikafungwa boya, kisha kamba yenye uzito hulazwa chini kati yake. Mpiga mbizi hushika kamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hufagia tope taratibu hadi mwisho. Nanga husogezwa mita moja, naye anaanza upya. Mwenzake juu ya mashua hushika kamba ya pili iliyofungwa kiunoni mwake, na wawili hao huzungumza kwa mivuto waliyokubaliana kabla. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo pekee inayokuruhusu kusema kwa hakika kwamba kipande fulani kimekwisha kupekuliwa. Anayezamia huku na huku kwa kubahatisha hurudi mara tatu mahali pale pale na kuruka pengine pasipoguswa kabisa.

Sona, yaani kifaa cha kutafuta kwa mwangwi wa sauti, inayovutwa nyuma ya mashua husaidia, lakini maji mafupi huinyima upana: kadiri inavyokaribia sakafu, ndivyo ukanda inaouona unavyokuwa mwembamba. Na chuma kikishamezwa na tope, mwangwi wake hufifia.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu wa pwani hawakuzaliwa nayo. Nakuru iko zaidi ya mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapo ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kipima kina cha sindano kilichopangiwa bahari hupunguza karibu mita mbili. Mtu yuko mita mbili chini, sindano bado inakaribia sifuri. Katika ziwa lenye kina kifupi kiasi hiki, kosa hilo si dogo hata kidogo. Mapafu nayo yamo hatarini. Anayepanda kutoka mita tano baharini huku amezuia pumzi, hewa kifuani mwake hutanuka kwa nusu. Nakuru hutanuka kwa karibu asilimia 60. Ndiyo maana naona ni hatari kusema maji mafupi ni salama, hasa kwa mtu anayeshtuka gizani akakimbilia juu. Na aliyezamia kutwa nzima asipande gari jioni hiyo hiyo kuelekea Eldoret, maana barabara inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700.

Magadi yenyewe huunguza macho na ngozi. Miwani ya kawaida haitoshi. Inatakiwa barakoa inayofunika uso wote na vazi lisilopitisha maji. Tangu ziwa lianze kupanda miaka ya 2010, limemeza pia migunga, nyua na hata lango kuu la zamani la hifadhi ya taifa inayolizunguka, na kila kimoja ni mtego wa kamba na mipira ya hewa.

Kwa maoni yangu, upekuzi wa namna hii huamuliwa nchi kavu, katika saa ya kwanza. Mashahidi wawili waliosimama mahali tofauti, kila mmoja akionyesha kwa dira upande alioona chombo kikianguka, hutoa mistari miwili inayokatana. Mtu akikosea digrii tano kwa umbali wa kilomita mbili, amekosea mita 175 kila upande, yaani, mistari ikikatana kwa pembe mraba, eneo la mita 350 kwa 350 la kupapaswa mita moja baada ya nyingine. Akikosea digrii moja, eneo hilo linakuwa mita 70 kwa 70, ambalo ni moja ya ishirini na tano tu. Dira ni kitu cha bei nafuu, na askari wa hifadhi na wahudumu wa hoteli za ukingoni wanaweza kufundishwa kuitumia kwa mchana mmoja. Wafundishwe sasa, na mashahidi wahojiwe pale pale waliposimama, kabla mashua ya kwanza haijaondoka ufuoni.