Kamera Kinamasini: Sanaa ya Kupiga Picha za Wanyamapori Mikumi

Upigaji picha wa wanyamapori kinamasini ni kazi ya mwanga, maji na subira. Mkoani Morogoro, mojawapo ya viwanja vyake vikuu ni bonde la mafuriko la Mkata, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Nje ya hifadhi, upande wa Kilosa, kuna kata za wakulima wa mpunga kama Kilangali. Mvua inayojaza madimbwi ya viboko ndiyo inayojaza majaruba yao.

Msimu ndio unaompangia mpiga picha kazi. Wakati wa masika, udongo mweusi wa Mkata hugeuka tope linalonasa magari, na wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali. Kuanzia Juni madimbwi hupungua. Nyati, pundamilia na tembo hulazimika kuyafuata yaliyobaki, na kamera huwasubiri hapo. Mwanga unaofaa ni wa asubuhi na wa jioni. Jua la utosi huchoma rangi na kuacha vivuli vizito chini ya macho ya mnyama.

Kwa kuwa haruhusiwi kushuka garini ovyo wala kutoka nje ya barabara za hifadhi, mpiga picha hulifanya gari kuwa kibanda chake. Injini huzimwa, kwani mtikisiko wake huharibu picha, kisha lenzi ndefu hulazwa dirishani juu ya kifuko cha maharage au mchele. Mchele wa Kilosa unafaa kwa hilo, na jioni unapikwa.

Ugumu mkubwa ni kupima mwanga. Yangeyange mweupe akisimama mbele ya tope jeusi huidanganya kamera: hupima giza lililotawala, huongeza mwanga, na ndege hugeuka doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Fundi hupunguza mwanga kwa makusudi, akaliacha tope liwe jeusi zaidi ili manyoya yaonekane. Kwa kiboko, anayeshinda majini mchana na kwenda malishoni usiku, jambo kubwa ni kimo cha lenzi. Picha iliyopigwa kutoka juu ya paa la gari huonyesha mgongo tu. Lenzi ikishuka karibu na usawa wa maji, yanaonekana macho, masikio na pua.

Sanaa hii ina historia ndefu nchini. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku kwa mweko katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1905 akachapisha kitabu kilichopata wasomaji wengi. Alikuwa pia mwindaji, lakini baadaye alitetea uhifadhi. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka huohuo, waliitangaza Serengeti duniani kwa filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Watazamaji waliolengwa walikuwa hasa ng'ambo. Majirani wa hifadhi hawakuwa walengwa.

Hapo ndipo kazi ya leo inapopimwa. Picha ya uso wa simba hupendeza ukutani, ila haielezi simba huyo anategemea nini kuishi. Inayosaidia uhifadhi ni ile pana: tembo, matete, maji na ukingo wa dimbwi lililokauka katika fremu moja. Dimbwi likipigwa kutoka sehemu ileile kila mwaka, picha zake huwa ushahidi usiohitaji maelezo mengi. Vivyo hivyo picha za wanyama waliogongwa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, inayokatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50, huwagusa madereva zaidi kuliko hotuba.

Uadilifu nao ni sehemu ya ufundi. Ndege hasumbuliwi kiotani, na taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili ya picha hufutwa kabla ya kuisambaza, kwa sababu jangili naye ana simu.

Picha za Mkata zinastahili kutundikwa kwanza katika shule na ofisi za vijiji vya Kilangali na jirani zake, ndipo zipelekwe kwenye maonyesho ya mbali.