Simu Iliyolala Kila Ilipoachwa Peke Yake

Chama chetu hapa Theta, huku Juja kati ya Ruiru na Thika, kina simu ambayo haipigi wala haipigiwi. Inakaa juu ya kabati la mweka hazina, imechomekwa kwenye chaji usiku na mchana. Mwanachama akituma mchango kwa M-Pesa, ujumbe wa uthibitisho huingia humo, na programu niliyoiandika huupeleka kwenye daftari letu la mtandaoni. Simu ya kwanza, kuukuu, ilifanya kazi hiyo bila kulalamika. Tulipoibadilisha kwa mpya yenye Android 15, nikaijenga programu upya ilingane na toleo hilo, daftari likaanza kuwa na mapengo. "Kijana, mimi nimelipa na ujumbe ninao," mama mmoja aliniambia kikaoni. Alikuwa amelipa kweli.

Wazo la simu ya aina hii si langu. Shirika la Ushahidi, lililozaliwa Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za uchaguzi, lilitengeneza SMSsync, programu huria iliyogeuza simu ya Android kuwa lango la SMS. Ujumbe ukiingia ulipelekwa kwa seva. Seva isipokiri kuupokea, uliwekwa foleni hadi mtandao urudi. Huduma ikiwa hai, alama yake ilikaa juu ya kioo. Enzi zile hilo lilitosha, kwa kuwa Android ilikuwa mwenye nyumba mpole: ukianzisha huduma nyuma ya pazia, ilikaa.

Mwaka 2017 Android 8 ikaanza kudai kodi. Programu isiyoonekana kiooni husimamishiwa huduma zake baada ya dakika chache. Anayetaka kuendelea aitangaze huduma yake kuwa ya mbele, na ndani ya sekunde 5 awe ametundika arifa. Akichelewa, programu inaangushwa. Android 14 ikaongeza sharti: kila huduma itaje aina ya kazi yake. Mimi nilitaja kuhamisha data, bila kufikiri sana.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Android 15 inaipa aina hiyo saa 6 tu katika kila saa 24. Zikiisha, programu huarifiwa na hupewa sekunde chache ijifunge. Yangu ilitii ikajifunga kimya, na kwa kuwa kipokezi cha SMS nilikisajili ndani ya huduma hiyohiyo, nacho kikafa nayo. Kilichonizungusha kichwa kwa majuma mawili ni kwamba kila nilipofungua programu kuichunguza, ilifanya kazi vizuri. Mtumiaji akiifungua, hesabu ya zile saa huanza upya. Ugonjwa uliondoka kila daktari alipoingia.

Na arifa? Tangu Android 13 mtu anaweza kuifuta kwa kidole huku huduma ikiendelea. Mweka hazina alikuwa ameshaifuta, akiona inamjazia kioo, basi huduma ilipokufa hakuna aliyejua tofauti. Simlaumu. Arifa yenyewe ilisema "Huduma inaendelea", maneno yasiyomsaidia mtu yeyote.

Tiba ilikuwa kuacha kuilazimisha huduma ikeshe. SMS inayoingia ni miongoni mwa matukio machache ambayo Android bado inaruhusu yaiamshe programu iliyolala, mradi kipokezi kitangazwe kwenye manifesti ya programu. Sasa ujumbe ukifika, programu inaamka, inauhifadhi, inaikabidhi WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi za nyuma ya pazia, kazi ya kuutuma mtandao ukiwepo, kisha inalala. Kila dakika 15, kipindi kifupi zaidi ambacho WorkManager inakubali, inapitia kikasha cha SMS na kutuma kilichosahaulika. Seva ya daftari hutambua kila malipo kwa namba ya muamala wake wa M-Pesa, kwa hiyo ujumbe ukifika mara mbili hauandikwi mara mbili. Salio la akaunti lililomo kwenye ujumbe hufutwa kabla ya kutumwa. Halimhusu mwanachama mwingine.

Arifa mpya ni ya kawaida, nayo ina mambo mawili: idadi ya ujumbe unaosubiri na saa ujumbe wa mwisho ulipopelekwa. Mweka hazina haifuti tena, maana humjibia maswali ya wanachama. Seva nayo isiposikia hodi ya simu kwa saa nzima, inamtumia SMS kwenye simu yake mwenyewe.

Umebaki mlango mmoja nisioweza kuufunga. Mtu akiingia kwenye mipangilio na kuisimamisha programu kwa nguvu, si SMS wala WorkManager itakayoiamsha hadi ifunguliwe kwa mkono. Kwa hiyo mgongoni mwa simu tumebandika karatasi: "Seva ikikutumia SMS, fungua programu, usubiri namba iwe 0."