Hongera, Fundi wa Mlango wa Hiace

Abiria wa Pasua, mjini Moshi, akiteremka kwenye Hiace hamkumbuki fundi wa mlango. Mimi namkumbuka. Mlango ule hutembea kwenye reli tatu: juu, kati na chini. Konda anauvuta kila kituo, vumbi linasaga beringi za vigurudumu vyake, mwishowe unashuka na kukwaruza bodi. Fundi wa kubahatisha hugonga bati. Fundi hodari huunyanyua kwa jeki, hulegeza bolti za mkono wa kati, hubadilisha beringi, kisha hupitisha kidole kwenye mwanya mpaka ulingane mbele na nyuma. Milango ya magurudumu ya ndege zinazotua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) nayo hurekebishwa kwa kupima mwanya. Hongereni sana, mafundi. Mama aliyebeba mtoto anakaa salama karibu na mlango wa Hiace mliourekebisha.